Salamu za Dirishani

Zama za ruksa, vilipofunguliwa vingi vilivyokuwa vimefungwa, mtaa wa Pasiansi, kando ya ziwa, nao ulipata zahanati ya mtu binafsi, nami nikapata kazi ya unesi humo. Nilikotoka, hospitali ya serikali, mgonjwa alikuwa mgonjwa tu, tena akikosea foleni anakaripiwa. Hapa mwenye zahanati alitukusanya siku ya kwanza akatuambia kuwa mgonjwa sasa ni mteja, na mteja hukaribishwa. Nilimcheka moyoni. Mwezi haujaisha, mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kukaribisha kuliko wote.

Nilikuwa na daftari dogo kwenye droo ya dirisha la mapokezi. Kila mgonjwa nilimchokoza: kwenu mnasalimianaje asubuhi? Na jioni je? Na asante? Kijaluo nikaandika oyawore kwa asubuhi na ero kamano kwa kushukuru. Kikerewe nilikipata kwa mama mmoja wa Nansio aliyevuka na meli kuja kumuuguza dada yake. Kisukuma kilijaza ukurasa mzima. Kihaya sikukiandika, maana ni cha kwetu. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na mimi niliwatoa watu Kirumba wakapita zahanati nyingine njiani ili waje kwa "yule nesi anayejua lugha." Nilipenda mno kuitwa hivyo. Ukweli ni kwamba nilizijua lugha hizo kama mtu anavyoijua nyumba ambayo amepiga hodi tu.

Aliyenipenda kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Kisukuma, mtu mzima, aliyetuletea maziwa ya chai kila asubuhi kutoka Kiseke, ambako wakati huo kulikuwa bado mashamba na malisho. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Mwanzoni alikuwa anasimama dirishani akitafuta neno mojamoja: "Ng'ombe nakula vizuli, nesi. Maziwa iko mazito." Nilikuwa namwelewa vizuri kabisa.

Kisha siku moja nikamwambia, "Mwangaluka, mayo!" Umeamkaje, mama. Akaweka dumu chini akapiga makofi. "Mwangaluka, ng'wanone!" Mwanangu. Akauliza ya nyumbani, ya kazini, ya watoto ambao hata sikuwa nao, na mimi kila swali naitikia mhola, salama. Kuanzia hapo Kiswahili akakiacha nyumbani kwake. Alinihadithia mambo marefu kwa Kisukuma, nami natikisa kichwa, eee, eee, nacheka anapocheka. Mama aliyetufanyia usafi, Msukuma mwenzake, aliniambia waziwazi, "Dada, mwambie tu hujui. Si aibu." Nikamjibu kuwa bibi anafurahi, na furaha haijamuua mtu.

Watu wa huku hawaanzi na habari mbaya. Hata aliyetoka kuzika ataitikia kwanza kwamba ni salama, mtaulizana yote mpaka yaishe, ndipo atasema "ila." Kwetu Bukoba ni hivyo hivyo, nimekulia ndani yake. Nilipaswa kujua kuwa salamu ni mlango, na mtu huingia baada yake.

Asubuhi hiyo foleni ilikuwa imefika barazani. Akaja, tukasalimiana, yote mhola. Halafu akasogea mpaka paji la uso likagusa nondo za dirisha, akashusha sauti, akasema maneno mengi. Mwishoni aliuliza kitu. Kwamba ni swali nililijua kwa jinsi sauti ilivyopanda. Yule mama wa usafi alikuwa ametumwa sabuni. Ningeweza kusema, "Mayo, sijaelewa, sema Kiswahili." Lakini foleni nzima ilikuwa imenisikia nikijitapa na salamu zangu, na nilikuwa na kiburi, sina jina jingine la kukiita. Nikatabasamu. "Eee, mayo. Eee. Wabeja." Nikamshukuru, hata sijui kwa lipi. Akanishika mkono kupitia nondo, akaubana, akaondoka haraka. Saa nne tulipotaka chai ndipo tulipogundua kuwa hakuleta maziwa.

Siku ya tatu mama wa usafi alirudi kutoka msibani Kiseke, hakunisalimia. Akanieleza akiwa amesimama na ufagio mkononi. Mjukuu wa yule bibi, mtoto wa miaka minne, alichemka homa usiku kucha. Bibi alikuja kuniuliza: ukitoka kazini utapita nyumbani umwone? Na mimi nikasema eee. Akarudi, akafagia uwanja, akatoa kiti kwa ajili yangu. Majirani walimwambia ampeleke mtoto hospitali. Akawajibu kuwa nesi anakuja, ameahidi. Saa kumi nilitoka kazini, nikaenda kwangu kufua. Mtoto alikata roho kabla jua halijazama.

Wazee husema majuto ni mjukuu. Methali hiyo siitamki tena.

Kinachoniuma si kwamba sikujua Kisukuma. Nisingemsalimia hata siku moja kwa lugha yake, angeniambia kwa kile Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mtoto naumwa, nesi, uje," nami ningekwenda. Mimi ndiye niliyemnyang'anya maneno hayo, kwa kujifanya hatuyahitaji. Nimelipima jambo hili kila upande kwa miaka, na kila upande naliona kosa langu.

Nilikwenda Kiseke na yule mama wa usafi. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wenzake. Nikapiga magoti mbele yake, nikasema kwa Kiswahili, polepole, bila kuzungusha: "Shikamoo, mama. Siku ile sikukuelewa. Nilisema eee bila kuelewa hata neno moja. Siku zote sikuwa nakuelewa."

Aliponijibu, alijibu kwa Kiswahili, akitafuta neno mojamoja kama zamani.

"Kumbe ulikuwa husikii," alisema. "Mimi nilisema majilani, nyamazeni, huyu nanisikia."

Kisha akamwambia mkwewe, mama wa yule mtoto, aniletee maji ya kunawa, nile.