Balbir Singh na Mlango wa Makindu

Watu wa hapa Birmingham wakimtaja Balbir Singh husema "yule Singasinga aliyepigwa," basi, wameshamaliza. Upuuzi mtupu! Mimi Mwadini nimefanya naye kazi kwenye karakana moja ya Hockley miaka kumi na moja, tukisugua shaba mpaka tunakohoa weusi. Nitasema mimi alivyopigwa, na kwa nini.

Balbir alizaliwa Makindu, Kenya, kwenye barabara ya Mombasa. Babu yake alikuwa fundi wa reli, na mafundi wenzake wa Kisingasinga ndio waliojenga hekalu pale mwaka 1926. Kazi za reli zilipohama, mafundi wakatawanyika, hekalu likabaki pweke. Baadaye waumini wakalirudia, na sasa watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kwenda kulizuru. Madereva wa malori wanalijua kwa jambo jingine. Ukivua viatu na kufunika kichwa, unakula chapati na dengu bure, unalala bure, hata uwe nani. Mimi mwenyewe nilikula pale basi letu lilipoharibika, na kofia yangu ya kiua kichwani, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Balbir alikulia jikoni mwa hekalu hilo. "Mlangoni hatuulizi dini, Mwadini," alikuwa akiniambia. "Siku tukiuliza, tumelibomoa."

"Na akija mwizi je?" namtania.

"Mwizi hana tumbo? Hebu shika kazi, bwana!"

Haya. Julai 2005, mabomu ya London hayajatimiza hata wiki mbili. Ilikuwa Ijumaa mchana, natoka msikitini na kanzu yangu, wanaume watatu wakanifuata. Nilipokimbia, wakakimbia. Niliingia karakana pumzi zimenikatika. Balbir akanisukuma stoo ya nyuma, akarudishia mlango, akasimama mbele yake.

"Yuko wapi yule Mwislamu?" mmoja akauliza.

Balbir akatanua miguu, hakubanduka. Wakampiga ngumi ya mdomo. Wa pili akamwangalia kilemba, akasema, "Huyu si mwenzao, nimesoma na watu hawa. Babu, tuonyeshe tu alipo, tukuache uende nyumbani."

Kidole kimoja tu! Angenyoosha kidole kimoja tu, akaenda kwa mkewe na meno yake yote. Badala yake akatema damu, akasema, "Kwetu mlango hatumfungulii anayekuja kuua."

Nilikuwa naona kwenye ufa. Walimng'oa kilemba, nywele zake nyeupe zikamwagika mpaka kiunoni, mmoja akazizungusha mkononi, akampigiza uso kwenye meza ya chuma. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nikasikia taya likivunjika. Alipoanguka wakamkanyaga kwa mabuti, wakaokota fimbo ya shaba, wakampiga jichoni. Hakulia. Alijikokota tu mpaka mgongo wake ukaegemea mlango wangu, na kila teke walilompiga nililisikia kwenye mbao.

Mlango ule haukuwa na kufuli. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa tangu mwanzo, na nyundo iko miguuni pangu. Sikutoka. Wallahi sikutoka, mwoga mimi, mpaka ving'ora vya polisi vikawakimbiza.

Hospitali nilimkuta Narinder, mkewe, ameketi kando ya kitanda. "Na wewe, Bwana Mwadini," akaniuliza, "ulikuwa wapi?"

"Alinifungia stoo, shemeji," nikasema. "Nilipiga mlango mpaka mikono ikafa ganzi."

Akamgeukia mumewe. "Kweli ulimfungia?"

Taya la Balbir lilikuwa limefungwa kwa waya, na jicho moja halipo tena. Lile lililobaki likanitazama, likanitazama, mpaka nikataka ardhi inimeze. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Narinder akanishika mikono yote miwili, akaigeuza taratibu, akitafuta ilipoumia.