Tuliomjua kwa Kuvuka Tu

Habari zilinikuta sokoni Kabati: mwenzetu wa feri ya Likoni amefariki huko Mombasa, na mazishi ni kwao Mbooni. Chai ilinishinda kumaliza. Nilipokuwa nikifanya kazi Mombasa nilivuka naye kila asubuhi, yeye akienda kushona nguo kisiwani, mimi ofisini. Sisi Wakamba tulikuwa na kona yetu kwenye feri, karibu na ngazi, na aliyewahi kuingia aliwashikia wengine nafasi kwa kutanua miguu na kupanga mabegi. Kabla hata ya salamu tuliulizana kama mvua imenyesha nyumbani.

Majibu alikuwa nayo yeye. Alikuwa amejenga nyumba ya matofali kule milimani na kupanda michungwa nyuma yake, kazi yote akiisimamia kwa simu. Mkewe akituma gunia kwa basi, alitugawia machungwa feri ikiwa katikati ya maji. "Kuleni, hii ni ya shamba yangu. Mwaka hii ikiisha narudi nyumbani, nimechoka na hii maji." Tulimtania kwamba feri itastaafu kabla yake, naye akacheka kutushinda. Mwaka uliisha, mtoto akaingia sekondari, akabaki.

Maisha haya yananiuma. Njaa inatutoa vilimani kwenda kuzeeka ufukweni, tunajenga nyumba za kutazama kwenye simu, kisha tunayaita hayo maendeleo. Mimi siyaoni, na sioni yatakakotokea.

Mbooni, sisi wa feri tulipewa viti vya mbele. Nilidhani ni heshima ya wageni tu. Kisha mjane akasimama, akatugeukia.

"Nyinyi ndio mlikuwa mnamwona kila siku. Hebu tuambieni alikuwa mtu wa aina gani, hawa watoto wasikie. Sisi tulikuwa tunamjua Desemba tu."

Nilisimama. Nikasema alikuwa mcheshi, alikuwa mkarimu, hakuwahi kugombana na mtu. Hapo maneno yakaniishia, maana kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Binti yake mdogo alizidi kunitazama, akingoja niendelee, nami nikakaa chini.

Ndugu msomaji, kama una nyumba inayokusubiri, nenda ukaishi ndani yake ungali hai, hata kama haijapigwa rangi. Siku wanao watakapotuuliza habari zako, sisi tuliovuka nawe hatutakuwa na la kuwaambia.