Kovu la Mwalimu wa Chumba cha Mwisho

Mkuu wa lugha za kigeni pale chuo kikuu, wanafunzi walimbatiza Mama Masikio. Kazi yake aliifanya pekupeku: anavua viatu, ananyata koridoni, anatega sikio kwenye kila mlango. Kosa la mwanafunzi alilisikia likiwa bado kooni, halijafika hata kwenye ulimi.

Ila chumba cha mwisho kilimtoa jasho. Mwalimu wa huko alifundisha lugha ambayo chuo kizima hakuna aliyeijua, na Mama Masikio ndiye aliyemwajiri, wenzake wakipinga. Kila akitega sikio, vicheko tu. Machale yakamcheza. Na leo alitakiwa kusaini matokeo ya darasa lile. Akisaini uongo, kiti anakiaga.

"Wifi," akasema karani wake, dada wa mumewe, "hata mimi nikisimama pale nikabwabwaja, watanijibu. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Mama Masikio akamwita mwalimu.

"Baba, hilo kovu la kidevuni ulilipata wapi?"

"Niliangukia jembe, mama. Utotoni, nikimsaidia marehemu baba shambani."

"Pole. Mama yako yupo?"

"Yupo, ila hajui lugha nyingine zaidi ya yetu."

"Huyohuyo namtaka. Mpigie, uniachie simu, kisha usubiri nje."

Mwalimu akapiga, akatoka. Mama Masikio akamdaka binti mmoja wa darasa lile aliyekuwa akijipitia, akamshikisha simu. "Muulize huyo bibi, kovu la mwanawe limetokana na nini."

Binti akauliza kwa kusitasita. Bibi wa upande wa pili akamwaga maneno, simu ikawa moto. Binti akaziba mdomo, mabega yakimcheza.

"Anasemaje?"

"Anasema alikuwa akidokoa sukari, kabati likamwangukia. Anauliza kama ameacha."

"Umeona?" karani akadakia binti alipoondoka. "Waongo. Hata kupatana hawakupatana."

"Ndiyo hapo sasa, wifi. Wangekuwa wamepanga, wote wangesema jembe. Lugha ni ya kweli. Mwongo ni mwalimu, tena wa kovu tu."

Akasaini. Mwalimu akaingia, akauliza mama yake kasema nini.

"Anakusalimia sana."

Alipoondoka, Mama Masikio akaliendea kopo la sukari kwenye meza ya chai, akalifungia kwenye droo, na ufunguo akautia kifuani.