Mikaratusi Niliyopanda Chemchemini

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana niliaibika mbele ya kijiji kizima.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, huku kwetu Meru, juu ya Kikatiti. Kijito chetu kilikuwa kinakauka, na wa kulaumiwa ni sisi wenyewe: tulikata miti ya kingoni tupate pa kupanda kahawa. Basi tukaitana msaragambo, kila Jumamosi, bila malipo, kuzibua mfereji uliotuletea maji na kurudisha miti. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na nguvu, nikapewa kupanda mikuyu pale chemchemini, kijito kinapoanzia.

Nilijiona mjanja, acha tu! Mkuyu unakua polepole, nani angeungoja? Nikachukua miche ya mikaratusi kwenye shamba la mlowezi nilikofanya kibarua. Shangazi yangu alinionya, "Mti usioujua usiupeleke kwenye maji." Sikumsikia. Mwaka wa pili miti ilinipita kimo, nami nikatembea kifua mbele. Mwaka wa nne chemchemi ikatoa tope. Mikaratusi ilikunywa maji yote, na wanawake wakawa wanateka maji bondeni, mbali.

Jumamosi iliyofuata nikajifungia ndani. Nikawasikia watu wakipita na majembe, nikajikunyata. Shangazi akaingia bila hodi, mkononi ana jani la sale.

"Mficha uchi hazai. Chukua sale, ukaombe radhi."

"Watanicheka, shangazi."

"Wacheke! Kicheko kimemuua nani? Kiu ndiyo inaua."

Kwetu, ukiletewa sale huwezi kukataa kusamehe. Lakini wee, kulipeleka ni kazi! Nilimkabidhi sale mzee aliyesimamia mfereji, nikasema yote mbele ya watu. Akalipokea, akasema, "Kukusamehe, nimekusamehe. Shoka unalo?"

Tulikata pamoja, tukang'oa visiki wiki baada ya wiki, tukapanda mikuyu. Maji yalirudi, ila yalichukua miaka. Shangazi alifariki kabla ya kuyaonja. Hilo linaniuma mpaka leo, sikufichi.

Kwa hiyo mwanangu, kazi ya wengi usiifanye kwa akili yako peke yako. Kuuliza si ujinga. Na ukiharibu, nenda mapema ukaseme, maana kila siku unayojificha kuna mtu anabeba ndoo kwa sababu yako. Mungu akupe moyo wa kusema "nimekosa" mapema, aliyekuonya awe bado yu hai kuyaonja maji yakirudi.