Mwaka Niliomwinua Ng'ombe wa Mama

Kitengela nzima inanijua kwa sura. Nikitoka dukani na trei zangu za mayai, wanaume wa bodaboda hupaza sauti, "Champ! Champ wetu!" Mmoja huja kusimama kando yangu na kukunja mkono aonyeshe msuli ambao hana, mwenzake hupiga picha, kisha wanaenda zao wakicheka. Mimi hubaki pale na mayai yangu. Nimepita miaka arobaini, na nikiulizwa ni nani ameketi kwenye kiti cha nyumbani kwangu mwaka huu, itabidi nianze na fundi wa umeme, na nimalizie naye.

Si kwamba nalalamika. Haya basi, nalalamika kidogo.

Nilianzia kwenye machimbo ya mawe, nikipakia lori. Wenzangu walibeba jiwe moja, mimi nikabeba mawili, kwa ujinga na kwa kupenda kutazamwa. Msimamizi wetu akanipeleka kwenye mashindano ya watu wenye nguvu uwanjani Kajiado, na huko nikavuta lori kwa kamba iliyofungwa kifuani huku umati ukipiga kelele hadi masikio yakaziba. Zawadi ilikuwa mbuzi na katoni ya mafuta ya kupikia. Baadaye zikaja nishani, safari za Nairobi na Mombasa, na mara moja safari ya ng'ambo, ambako nilishika nafasi ya nne na niliporudi hakuna aliyeniuliza baridi ilikuwaje. Nimebingirisha tairi za greda. Nimekumbatia na kuinua mawe ya saruji ya mviringo, yale yanayochubua mikono hadi mtu anaogopa kuoga. Taji la taifa nililitwaa mara nyingi hadi watangazaji wakawa wanalitaja jina langu kwa uchovu.

Lakini mtu mwenye nguvu huitwa kukiwa na kitu kizito. Gari limekwama kwenye udongo mweusi wa mvua, naitwa. Friji inapandishwa ghorofani, naitwa. Jeneza la marehemu mnene, naitwa, na nawekwa mbele. Nimewahi kuvaa suti kwenda harusini nikidhani nimealikwa, kumbe kulikuwa na tangi la maji la kupandisha kabla wageni hawajafika. Kunikaribisha chakula ni jambo ambalo watu hulifikiria mara mbili, na siwalaumu, maana naweza kumaliza sufuria ya githeri ambayo familia ilitegemea hadi kesho. Mke nilikuwa naye kwa muda. Alisema kuishi nami ni kama kufuga ng'ombe wa maonyesho, kazi ni kulisha na kuosha tu. Aliondoka bila ugomvi wowote, na hilo liliniuma zaidi ya ugomvi.

Ndiyo maana nilimwomba Mama aje tuishi pamoja. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa peke yake kwenye boma letu, upande wa Mashuuru, na mimi peke yangu katika nyumba ya vyumba viwili ambamo vikombe vya ushindi vilijaa kabati na cha chai kilikuwa kimoja. Nilitengeneza chumba cha pili. Nikanunua kitanda kifupi asihangaike kupanda, na pazia zito kwa sababu vumbi la Kitengela halibishi hodi. Kisha nikaenda kumwambia.

Nilimkuta nje ya nyumba yake. Nikainama, akaweka kiganja kichwani pangu.

"Takwenya, Yeyo," nikamsalimia mama yangu kwa Kimaa.

"Iko," akaitikia.

Nikamweleza habari za kitanda, pazia, kanisa lililo karibu. Mama huchanganya Kimaa na Kiswahili cha sokoni, na siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili, jambo analofanya anapotaka mambo yawe rasmi.

"Niko na ng'ombe yangu. Nikienda, nani ataiangalia?"

Ng'ombe wengine wote walikuwa wetu, sisi wanawe. Huyo mmoja, mwekundu mwenye pembe iliyopinda, ndiye aliyekuwa wake kabisa, wa ukoo wa ng'ombe aliyepewa siku alipoolewa. Nikamwambia ndugu yangu, anayekaa boma la jirani, atamchunga. Akatikisa kichwa.

"Ikikufa nitakuja," alisema. "Ikiwa hai, niko hapa."

Hakusema kwa hasira wala kwa kunitisha. Alikuwa anapanga mambo yake tu. Nami nilirudi Kitengela nikijua kwamba mtu pekee niliyetaka kuishi naye atakuja siku ng'ombe atakapokufa.

Mwaka huohuo mvua ikakosa kuja. Ndugu yangu aliswaga mifugo yote hadi Kimana, ambako alisikia wenye mashamba ya kumwagilia wanauza mabua ya mahindi. Majirani nao wakahama na mifugo yao. Ng'ombe wa Mama hakuweza kutembea umbali huo, akabaki, na Mama akabaki naye. Siku chache baadaye nikapigiwa simu.

"Imelala na haiwezi kuamka," Mama alisema. "Hakuna watu. Kuja."

Kwetu, wakati wa ukame, ng'ombe aliyedhoofika akilala usiku hawezi kusimama asubuhi. Akiachwa chini jua likapanda, amekwisha. Kwa hiyo mwenye boma hutoka langoni na kuita, majirani wanakuja, wanne au watano, wanaingiza mikono chini yake na kumsimamisha, kisha wote wanakwenda boma linalofuata. Nimewaona wanaume waliokuwa hawasalimiani wakiinua ng'ombe pamoja. Sasa hapakuwa na wa kuitwa. Nilipakia marobota ya nyasi kavu kwenye pikapu ya kukodi nikaenda, nikidhani nitalala huko siku mbili.

Nilikaa hadi mvua.

Kila alfajiri kazi ilikuwa ileile. Mama alishika pembe akimsemesha ng'ombe kwa sauti ya chini, maneno ambayo mimi sijawahi kuambiwa. Mimi nilipiga magoti nyuma, maana ng'ombe husimama kwa miguu ya nyuma kwanza. Nikaingiza bega chini ya nyonga, mkono mmoja ukashika shina la mkia na mwingine ukavuta gunia tulilompitishia chini ya tumbo. Jiwe la mashindano ni zito lakini limekaa sawa. Ng'ombe ni mifupa inayoteleza ndani ya ngozi, ana woga, anapiga teke, na ukimwangusha umemvunja. Akishasimama tulimwegemea pande zote mbili, mimi huku na Mama kule, hadi miguu iache kutetemeka. Kisha tukanywa chai ya rangi, kwa kuwa maziwa hayakuwepo.

Hizo ndizo siku nilizokuwa na mtu wa kunywa naye chai. Nilikuwa na furaha na nilijionea aibu kwa furaha hiyo. Nilitaka ukame uishe kwa ajili ya watu wote, na papo hapo nilitaka ng'ombe huyu mmoja afe. Nasema wazi kwa sababu hakuna namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nikimwinua kila asubuhi kwa mikono hii, na kila asubuhi nilimwambia kimyakimya: lala basi, mama, umechoka, lala.

Mashindano ya taifa yalipita nikiwa huko. Nilitazama matokeo kwenye simu, nimesimama juu ya kichuguu ambapo mtandao hupatikana. Kijana wa kutoka Magharibi alilitwaa taji langu. Alistahili. Nilingoja siku nzima mtu anipigie kuuliza nilikuwa wapi, na simu iliyoingia ilitoka kwa mwenye nyumba, akitaka nikirudi nimsaidie kusogeza geti.

Nyasi zikaisha. Ng'ombe akazidi kukonda, lakini kila siku alikuwa mzito zaidi, kwa sababu hakusaidia tena. Mwanzoni alikuwa akijikaza nikimsukuma. Sasa alikuwa mzigo mtupu. Asubuhi moja nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili alirudi chini na kuweka kidevu mchangani. Mama akaachilia pembe.

"Imekataa," alisema. "Wacha sasa."

Nilibaki nimepiga magoti. Nilichokuwa nakitaka kilikuwa hapo, na sikukiomba, nilipewa. Mama mwenyewe ndiye aliyesema wacha. Hapakuwa na mtu duniani ambaye angenilaumu. Nilimwona tayari kwenye chumba cha pili, akilalamikia kelele za malori ya barabara ya Namanga, akiniuliza kwa nini nimechelewa.

Kisha nikamtazama. Hakuwa analia. Alikuwa anaitazama nyumba yake, mlango, mtungi wa maji, kamba ya nguo, kama mtu anayeamua abebe nini na aache nini. Alifuta mikono kwenye shuka lake, akaifuta tena, na mikono haikuwa na kitu.

"Shika pembe, Yeyo," nikamwambia.

"Imekataa."

"Shika tu."

Akashika. Sijui nilitoa wapi nguvu ile. Nimevuta malori mbele ya maelfu ya watu na sijawahi kuinua kitu kama nilivyomwinua ng'ombe huyo mbele ya mwanamke mmoja mzee aliyenipa mgongo. Kitu kilikatika begani, nilikisikia. Ng'ombe akapanda, miguu ya nyuma, halafu ya mbele, akasimama akihema. Niliweka paji la uso kwenye mbavu zake nikalia, na sikulia kwa ajili ya bega.

Mvua ilikuja wiki iliyofuata. Majani yakachipuka, majirani wakaanza kurudi, na asubuhi moja tulipotoka tulimkuta ng'ombe amesimama mwenyewe, anakula, hana habari na sisi. Mama alipiga makofi kama msichana. Nilikunja blanketi langu. Hakuna aliyesema lolote kuhusu Kitengela.

Bega halijapona vizuri, na taji sijalirudia. Kwenye kile chumba cha pili nimeweka vyuma vya mazoezi.

Miezi mingi baadaye Mama alinipigia simu, jioni, wakati ambao si kawaida yake. Alisema ng'ombe amezaa.

"Ile siku niliachilia pembe," alisema, "nilikuwa nimekubali kuja kwako. Ulijua?"

"Nilijua, Yeyo."

"Na ulikuwa unataka."

"Sana."

"Sasa mbona uliinua?"

Nilishindwa kumwambia habari za uso wake. Nikasema ng'ombe mwenyewe alikuwa mwepesi. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Jumapili kuja," alisema. "Hakuna kitu ya kuinua. Kuja tu ukae."

Nilienda. Alinitolea kigoda nje, akanipa maziwa, akaendelea na kazi yake ya shanga bila kunituma popote. Nilikaa pale mchana kutwa, na kwa muda mrefu sikujua mikono niiweke wapi.