Choo cha Ndani

Mama aliteleza uani kwake Mohoro, asubuhi ya mvua, akielekea chooni na kopo la maji mkononi. Hakuvunjika, ila goti lilivimba likawa kama papai, na kopo likapasuka. Nilipompigia simu kumpa pole, alilalamikia kopo.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kimoja Kibiti, karibu na kibanda ninachoshonea nguo. Choo tulichangia wapangaji saba, na kilikuwa mbali kuliko hicho cha Mama. Nikaamua kutafuta chumba, sebule na choo cha ndani, nimlete tuishi pamoja. Yeye akasema atakuja kutembea tu, siku mbili tatu, kwa kuwa mtu mzima hahamishwi kama kuku aliyenunuliwa. Nikamwacha aseme.

Nikampata dalali mmoja mwenye simu mbili na viatu vilivyochongoka. Nyumba ya kwanza aliniapia kabisa kuwa ina choo cha ndani. Nikazunguka chumba na sebule, sikukiona. Akanipeleka nyuma, kwenye kibanda cha mabati chini ya mkorosho.

"Nilisema cha ndani," nikamwambia.

"Si ndani ya uzio huu, dada? Nje ni barabarani."

Ya pili choo kilikuwa ndani kweli, lakini kwa kodi ile ningeshona sare za wilaya nzima na bado nikadaiwa. Ya tatu, mwenye nyumba aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia tumeachana. Akasema hapangishi wanawake wasio na waume, wanaleta wanaume. Nikamuuliza, wenye waume wao wanaleta nini? Dalali akanivuta mkono tukaondoka.

Ya nne ilikuwa na vigae, dirisha kubwa, na choo cha ndani cha kuchutama, sinki jeupe kabisa. Kodi yake ndogo mpaka nikaingiwa na wasiwasi.

"Kuna majini humu?"

"Majini hawalipi kodi, dada. Wapangaji wanahamahama tu."

Nikalipa siku ile ile kabla mtu hajabadili mawazo, nikahamia.

Wiki iliyofuata Mama akafika na furushi na mkeka. Furushi akaliweka nyuma ya mlango, limefungwa vilevile. Kabla hata ya kunywa maji akauliza Kibla kiko wapi. Huku kwetu Kibla ni upande wa kwenda Dar, nikamwonyesha. Akaingia chooni. Hakukaa humo hata kidogo, akatoka amekunja uso.

"Mwanangu, umenitoa Mohoro nije nichutamie Kibla?"

Nikaenda kutazama. Ni kweli, sinki lilielekea Dar moja kwa moja, na sisi Waislamu hatujisaidii tukielekea Kibla. Nami nilikuwa nimelitumia wiki nzima, tena nikimshukuru Mungu humohumo kwa kunipatia nyumba. Hapo nikaelewa kwa nini wapangaji wanahamahama.

"Si ukae upande kidogo, Mama."

"Kwa goti lipi?"

Akaanza kuulizia gari la Mohoro. Hasira zikanipanda. Nikamwambia nimezunguka mji mzima kwa ajili ya goti lake, nimedharauliwa, nimeonyeshwa vibanda vya mabati, na yeye anataka kurudi kuteleza. Nilitaka kuendelea kufoka lakini machozi yakaniwahi. Nikamwambia ukweli: naogopa ataanguka tena, na safari hiyo hatakuwepo mtu wa kumwokota. Mama akakaa mkekani, akawa anasugua goti.

"Mji huu hauna fundi wa kuligeuza hilo dude?" akauliza hatimaye.

Mwenye nyumba, mzee mstaafu, alipopigiwa simu alisema tugeuze, ila gharama ni zetu. Fundi akaja kesho yake. Mama alikalia kigoda mlangoni akamsimamia.

"Hapo unaelekeza Zanzibar," akamwambia. "Zungusha mpaka Mafia."

Fundi akazungusha mpaka Mafia. Tangu siku hiyo mlango ukifunguliwa unampiga magotini aliyechutama, kwa hiyo aliyemo ndani lazima akohoe.

Saruji ilipokauka, mwenye nyumba akaja kukagua. Akalitazama sinki, akafurahi, akasema kwa kuwa choo sasa kimekaa sawa, kodi itabidi ipande kidogo. Nikafungua mdomo, Mama akaniwahi.

"Kodi kawapandishie wageni, baba. Choo hiki nimekigeuza miye. Miye hapa mwenyeji."

Mzee akacheka, akaaga, na kodi ikabaki palepale. Nikageuka kumtazama huyo mwenyeji. Alikuwa ameinama nyuma ya mlango, anafungua furushi lake. Cha kwanza alichotoa kilikuwa kopo jipya la chooni, bado limebandikwa karatasi ya duka la Mohoro.