Miembe Iliyoepuka Tanuri la Makaa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Embu, nilipewa sepetu, si kisu cha kupachikia miche. Katika kitalu chetu cha miche ya matunda, udongo ulipikwa kwa mvuke ndani ya mapipa ili kuua vijidudu, na kuni zililetwa kwa lori kutoka Mbeere. Pampu ya dizeli ilinguruma kutwa ikivuta maji mtoni. Meneja, mtu mkali lakini wa haki, aliniona nikikohoa kwa moshi akasema, "Mche mmoja hapa unakula kuni nyingi kuliko jiko la mama yako. Usiniulie hata mmoja."

Baadaye nilifundishwa kupachika: unachonga kijiti cha embe tamu kama kabari, unakiingiza kwenye shina la embe la kienyeji, unafunga kwa utepe wa plastiki. Mkono wangu ukawa mwepesi. Nilipelekwa Timau kwenye matufaha, kisha Kiritiri kwa wakulima wa maembe.

Huko nilimkuta mkulima mmoja, Mzee Ireri, akinoa shoka. Miembe yake ya kienyeji ilikuwa mikubwa, lakini maembe yalijaa nyuzi na hayakuwa na mnunuzi. Alitaka kuikata yote achome makaa, na tanuri lilikuwa tayari.

"Mzee, tukate matawi tu," nilimwambia. "Miti ikichipuka, nitapachika embe tamu la sokoni. Mizizi tayari iko, haitaki pampu wala moto."

"Na isipochipuka, madam?"

"Basi choma makaa yako."

Meneja alikubali, ila alinionya: "Miti ikifa, tutarudi Kiritiri na uso gani?"

Tuliacha tawi moja kwa kila mti ili lilishe mizizi. Mashina yalisimama karibu uchi juani. Majirani walimcheka mzee, na mkewe akaacha kunisalimia. Nyumbani kwangu, mtaa wa Majimbo mjini Embu, usingizi ulinipaa.

Mvua iliponyesha, machipukizi yakatoka. Nilipachika miti yote, vijiti nikivibeba kwenye gunia lililoloweshwa maji visikauke.

Miembe ilipozaa, mzee alimwita meneja aje kuonja. Meneja alikula mawili, kisha akasema, "Hiki ndicho kitalu kisichonuka dizeli." Mke wa Mzee Ireri alinifungia kuku nikaenda naye. Baada ya hapo niliitwa boma baada ya boma.

Sasa nimestaafu. Maafisa vijana wa kilimo huniuliza gesi chafu za moshi na dizeli tulizipimaje wakati ule. Hatukuzipima. Tulijua tu ni miti ipi iliyochomwa na ni ipi iliyobaki imesimama. Mkipita Kiritiri msimu wa maembe, tazameni mahali gome la chini la kienyeji linapokutana na la embe tamu juu. Pale ndipo kisu changu kilipita.